Malka Yenye Kona

Mwalimu mkuu wa shule yetu alinifuata shambani akaniambia anataka historia ya kijiji. Darasa jipya limebaki na ukuta mmoja mtupu, rangi ameipata, na anataka historia iandikwe hapo ili watoto waisome wakiingia na wakitoka. Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu. Akasema anajua, lakini ameambiwa mimi huandika kila jioni. Ni kweli huandika. Naandika mvua ikinyesha, mtu akijifungua, mashine ya posho ikiharibika. Sijui kama hiyo ni historia. Nikamwambia nitajaribu, naye akanishukuru kana kwamba kazi imekwisha.

Nilianza na swali nililodhani ni rahisi: kijiji kilianzia wapi. Hapa tulipo sasa sipo nilipozaliwa. Nilizaliwa kule chini, karibu na maji, na maji yakaja mpaka ndani ya nyumba, tukahama. Mama mkwe wangu anasema kabla ya hapo kijiji kilikuwa mahali pengine tena, na mahali penyewe sasa ni katikati ya mto Tana. Ukimwomba akuonyeshe, ananyoosha kidole kwenye maji.

"Pale kwenye kiboko," anasema.

Kiboko akizama, kijiji kimepotea.

Swali la pili lilikuwa nani alitangulia kufika. Hilo niliuliza pande zote, maana kijiji chetu kina pande mbili. Tuko sisi Wapokomo wenye mashamba kando ya mto, na wako Waorma wenye ng'ombe, ambao nyumba zao ziko juu kidogo, ukishapita msikiti. Wakulima waliniambia kwamba walipofika hawakumkuta mfugaji yeyote. Wafugaji waliniambia kwamba walipofika hawakumkuta mkulima yeyote. Nikafikiri sana. Nikaona wote wanaweza kuwa wanasema kweli, ikiwa kila mmoja alifika siku ambayo mwenzake ametoka kidogo. Nikaandika hivyo. Mwalimu alisoma, akasema ukuta hautatosha.

Nilikuwa nimefika hapo, yaani sijafika popote, wakati jambo la mama mkwe lilipoanza.

Mafuriko ya juzi wengi wanayajua kwa vile yalivyoleta maji. Kwetu yaliondoka na mto. Maji yalipopungua tuliteremka kuangalia, na mto haukuwa pale tulipouacha. Ulikuwa umejikatia njia mpya ng'ambo, nyuma ya shamba la mama mkwe. Pale ulipokuwa zamani palibaki dimbwi refu la matope na ndege weupe waliosimama kama wanaongoja kuelezwa. Mama mkwe kabla ya hapo alikuwa akivuka kwa mtumbwi kwenda kwenye migomba yake. Sasa anavuka kwa miguu. Alilifurahia jambo hilo kwa muda mfupi.

Shida ni malka. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni, na inapita katikati ya mashamba yetu. Hakuna anayelima juu ya malka, na hakuna ng'ombe anayetoka nje yake. Ndivyo inavyosemwa, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Malka yetu ilikuwa inateremka moja kwa moja mpaka mtoni. Baada ya mafuriko ikawa inateremka moja kwa moja mpaka kwenye matope. Ng'ombe waliifuata hadi mwisho, wakasimama, wakaangalia mbele. Mbele yao kulikuwa na shamba la mama mkwe, na nyuma ya shamba kulikuwa na maji. Ng'ombe wana pua. Walijua.

Lile shamba ndilo linalomlisha mama mkwe. Ni mjane. Mume wangu, ambaye ni mwanawe, analima kwenye skimu ya umwagiliaji kule Bura, na huja pikipiki yake ikiwa nzima. Kwa hiyo mama anategemea migomba. Mikungu mingine anakula, mingine inapelekwa sokoni Garsen. Malka ikipasuliwa katikati ya shamba, atabaki na vipande viwili vyembamba na vumbi juu ya kila jani. Malka isipopita hapo, ng'ombe watakaa na kiu, na kiangazi kilikuwa kinakuja. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli, ingawa mimi nakula ndizi za upande mmoja.

Mwenye ng'ombe wengi zaidi ni mzee mmoja wa rika la mama. Baba yake na baba wa mama mkwe walikuwa marafiki wa nyumba, kama ilivyo desturi hapa: nyumba moja ya ng'ombe inashikana na nyumba moja ya shamba, maziwa yanateremka na ndizi zinapanda. Urafiki huo wamerithi, na ugomvi wake pia. Alikuja asubuhi akasimama kando ya matope na fimbo yake mabegani.

"Mama wa migomba," akaita, "ng'ombe wangu wanakusalimu."

"Waambie salamu zimefika. Wao wabaki huko huko."

"Wana kiu."

"Bomba liko shuleni."

"Bomba? Nimpampie ng'ombe mmoja mmoja na ndoo, kama mgonjwa?"

"Si una watoto wengi? Kila mtoto na mgonjwa wake."

Mzee alicheka, lakini hakuondoka. Akasema, "Malka haiendi mahali, mama. Malka inakwenda kwa maji. Maji yakihama nayo inahama."

"Malka iliishia mtoni," mama akasema. "Mto umeondoka wenyewe. Mimi sikuufukuza."

Nilikuwa nimeinama napalilia kati yao, na nilijaribu kuamua nani ana haki. Nilifika mwisho wa mstari sijaamua. Nikaanza mstari mwingine.

Wazee wa kijiji waliona kiangazi hakitangoja, wakapitisha jambo la muda. Ng'ombe wazunguke kwenye mpaka wa chini wa shamba, mahali pembamba kati ya mama na jirani yake, na ipandwe alama ili mtu asiseme hakuona. Hapo tukafanya kosa ambalo nadhani halifanyiki sehemu nyingine. Sisi wakulima mpaka tunauweka kwa migomba. Ndivyo tulivyofunzwa. Ukipanda mstari wa migomba kati yako na jirani, hata wajukuu hawatagombana, kwa sababu mgomba hauhamishwi kama jiwe. Mama mkwe mwenyewe akatoa miche, mizuri, ya majani laini. Tukaipanda pande zote mbili za njia. Tulijitahidi iwe imenyooka. Wafugaji walisimama wakatutazama tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza, na hakuna aliyesema neno.

Jioni ng'ombe walipita wakala mpaka.

Waliula wote, upande wa kulia na upande wa kushoto, na kwa kuwa mpaka haukuwepo tena waliendelea na migomba ya mama mpaka walipopigiwa kelele. Kijiji kikawaka maneno. Wakulima walisema imefanywa makusudi. Mama alisimama kati ya mashimo ya miche yake akamwuliza yule mzee kwa nini watu wake walinyamaza.

"Tulidhani mmewapandia chakula cha njiani," akasema. "Tulishukuru. Hukusikia tulivyoshukuru?"

"Nilisikia. Nikadhani mnashukuru kwa ajili ya njia."

"Tulishukuru kwa vyote."

Sijui kama alikuwa anasema kweli. Uso wake ni uso wa mtu anayesema kweli, lakini ndio uso anaokuwa nao pia akiuza ng'ombe. Kwa upande wetu, hakuna mtu mzima kati yetu asiyejua ng'ombe anakula nini.

Basi chifu akaitisha mkutano. Ulifanyika kwenye lile darasa jipya kwa sababu ndilo lenye kivuli cha kutosha. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa karibu na masikio, na kwa hiyo kila mmoja alionekana mpole kuliko alivyo. Ukuta mtupu ulikuwa nyuma ya chifu. Nilijaribu kutouangalia.

Chifu alisema hataki kusikia habari ya nani alitangulia kufika. Watu wengine walifunga midomo waliyokuwa wameshaifungua. Akasema, "Mto huu hauhami leo mara ya kwanza. Mara ile ulipohama, malka ilipitishwa wapi? Ilivyofanywa mara ile, na sasa tufanye hivyo hivyo."

Hilo lilikubalika. Taabu ni kwamba watu wanaoikumbuka mara ile wamebaki wachache. Mama mkwe akainuka.

"Ilifuata njia ya kiboko," akasema.

Njia ya kiboko ni ile anayopita akitoka majini kwenda kula majani. Anapita hapo hapo kila siku mpaka inakuwa kama mfereji, na hakuna mtu mwenye akili anayepanda kitu juu yake. Kwenye mto mpya kiboko ameshajichimbia njia, na inazunguka mbali na migomba ya mama. Kwa hiyo lilikuwa jambo la busara. Ng'ombe wangepita mahali ambapo tayari ni hasara.

Yule mzee wa ng'ombe akajivuta kutoka kwenye dawati. Lilimfuata kidogo kisha likamwachia.

"Ilinyooka," akasema. "Ilikata mahindi katikati ikanyooka mpaka majini. Kiboko anapanda ukingo kama lori la jeshi. Ndama wangu atapanda na nini?"

"Wewe mara ile hukuwepo," mama akasema. "Ulikuwa na mifugo kule juu, Nanighi."

"Nilirudi."

"Ulirudi tumeshamaliza."

"Nilirudi na ng'ombe, mama, na ng'ombe wakanywa. Walikunywa wapi? Kwenye birika lako?"

Watu walicheka, wa pande zote mbili, na chifu akagonga dawati. Kisha mwalimu mkuu, ambaye sijui nilimkosea nini, akasema, "Huyu mama hapa ndiye anayeandika historia ya kijiji. Tumwulize."

Nikasema nilianza kuandika nilipokwisha kuolewa. Mara ile nilikuwa mtoto mdogo, na daftari langu halifiki huko.

"Daftari liache," chifu akasema. "Sema unachokumbuka."

Nataka kulieleza hili vizuri. Swali lilipoulizwa mara ya kwanza nilijua ninachokumbuka. Lakini nilijua pia kwamba kumbukumbu ya mtoto si kitu cha kumnyang'anyia mtu migomba. Na nilijua kwamba nikisema sikumbuki, hakuna atakayenilaumu. Mama mkwe alikuwa ameketi dawati la mbele yangu. Niliona mgongo wake na leso yake ya kijani. Hakugeuka. Angegeuka, ningeona anataka niseme nini. Pengine ndiyo sababu hakugeuka.

Nikasema kwamba nakumbuka nimesimama mlangoni kwetu nimekumbatia kuku, kwa sababu mama yangu aliniambia nimshike asikanyagwe. Ng'ombe walipita mbele yangu, kati ya nyumba yetu na ya mjomba, wakaingia kwenye mahindi ya baba. Mahindi yalikuwa yamekatwa katikati. Walikwenda wamenyooka, niliona migongo yao mpaka kwenye maji. Vumbi liliingia kwenye uji.

Kisha nikasema kwamba inawezekana ilikuwa siku moja tu. Inawezekana ng'ombe walikuwa wamepotea njia. Inawezekana mwanzoni walifuata njia ya kiboko na baadaye ndiyo wakanyoosha, na hapo mama na mzee wote wangekuwa sawa. Chifu akauliza kama nimemaliza. Nikasema inawezekana pia ulikuwa mwaka mwingine. Akasema nimemaliza.

Mama mkwe akasema bila kugeuka, "Kuku gani?"

"Mama?"

"Huyo kuku uliyemshika. Alikuwa kuku gani?"

"Mwekundu," nikasema. "Kishingo."

Kishingo ni kuku asiye na manyoya shingoni. Namkumbuka kwa sababu shingo yake ilikuwa na joto na sikupenda kuigusa.

Mama akarekebisha leso yake.

"Huyo ni kuku wangu," akasema. "Alikuwa hodari wa kulalia mayai. Niliwaazima awalalie mayai yao. Hawakumrudisha."

Chifu akasema, "Mama, hapa tunazungumza habari ya njia."

"Na mimi nazungumza habari ya njia. Niliwaazima mwaka ule mto ulipohama, na mwaka uliofuata kuku akaliwa na fungo. Kama mke wa mwanangu alikuwa amemshika kuku wangu, basi alikuwepo, na mwaka ni ule ule. Aandikwe kwamba alikuwepo."

Nilidhani ataendelea, atasema hata hivyo kiboko ni kiboko. Hakusema. Yule mzee wa ng'ombe alikuwa amefungua mdomo apokee ushindi wake, akaufunga. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Lakini nitakata mimi," mama akasema. "Panga langu, mahali ninapotaka. Mtu mwingine asiguse hata jani."

Wakakubali. Wafugaji nao wakakubali kuweka ua wa miiba pande mbili, na vijana wawe wanatembea na ng'ombe mpaka wafike majini na kurudi. Mwenzetu mmoja aliuliza kama itapandwa miche tena, kila mtu akamtazama.

Njiani mama alitangulia. Sikujua kama nimpe pole au nimwombe radhi, na kwa kuwa nilikuwa nimesema kweli sikuona neno la kutumia. Tulipofika nyumbani alikaa, akaondoa miiba kwenye nyayo zake, akasema, "Mama yako alikuwa mtu mzuri. Lakini kuku angerudisha."

Nikasema ndiyo, mama.

Kesho yake tulikwenda na panga. Sikuruhusiwa kukata, nilibeba tu. Alianza upande wa matope akaelekea mtoni, mgomba mmoja baada ya mwingine. Hakuharakisha wala hakupumzika. Mzee wa ng'ombe alikuja akasimama ng'ambo, leo hakutoa salamu za ng'ombe. Vijana wake walichukua magogo ya migomba wakayapasua kwa ajili ya ndama, na mama akawaacha. Alipofika katikati ya shamba alifikia shina moja kubwa, akasimama mbele yake, akaliangalia juu na chini. Kisha akalizunguka kwa kushoto, akakata mgomba wa pembeni, na akaendelea mpaka kwenye maji.

Mzee akapaza sauti, "Mama, umeliruka moja!"

"Lina mkungu," mama akasema. "Mkungu ukikomaa nitalikata."

Aliona ni jambo la haki. Nami niliona ni jambo la haki. Mtu hakati mkungu mchanga.

Lile shina, kwa ninavyojua, ndilo mama wa shamba lote lile. Alilileta likiwa mche ndani ya mtumbwi walipohama kutoka pale kwenye kiboko, na migomba mingine yote imetoka kwake. Hakulisema hilo kwenye mkutano wala siku ya kukata. Mimi nalisema, lakini sina hakika kama ndiyo sababu. Yeye alisema mkungu, na mkungu ulikuwepo.

Kwa hiyo malka yetu inateremka imenyooka, inavuka matope, inaingia shambani, inapinda kushoto, inazunguka shina moja la migomba, halafu inanyooka tena mpaka mtoni. Ng'ombe wameizoea. Ndama waliozaliwa baada ya hapo hupinda hata kabla ya kufika. Bodaboda wa samaki naye hupita hapo siku hizi, ingawa hakuruhusiwa, na yeye pia hupinda.

Mwalimu mkuu alirudi kuuliza historia. Nilikuwa nimeifupisha. Niliandika kwamba kijiji chetu kiko kando ya mto Tana, kwamba kimehama na huenda kikahama tena, kwamba kina watu wa mashamba na watu wa ng'ombe ambao walifika, na kwamba kina malka moja yenye kona. Alipaka yote ukutani kwa rangi ya buluu, isipokuwa kona. Alisema mgeni hataielewa. Nilimwambia kona ndiyo sehemu pekee ambayo nina hakika nayo. Akasema rangi imekwisha, na ni kweli, nililiona kopo.

Tatizo la shina la migomba ni kwamba mkungu mmoja ukikomaa, pembeni mwingine umeshatoka. Mzee wa ng'ombe ni mfugaji lakini amekaa na wakulima maisha yake yote, na sidhani kama hilo halijui. Juzi nilimkuta hapo konani ameegemea fimbo, ng'ombe wake wakipita. Mama alikuwa upande wa pili wa ua wa miiba anang'oa magugu.

"Mama wa migomba," akasema, "huu mkungu wako haujakomaa tu?"

"Si una macho? Angalia mwenyewe."

Mzee akasogea. Akainua uso, akauangalia mkungu kwa utaratibu, chane kwa chane, kama anavyoangalia meno ya ng'ombe anayemnunua. Ulikuwa umeinamia njiani kwa uzito. Akatafuta kijiti chenye panda pale kwenye ua, akautegemeza ili usimwangukie ndama.

"Bado," akasema, akawafuata ng'ombe wake.

Kwa haki inabidi niandike kwamba ulikuwa umekomaa.